Viti Mia Moja Chumbani mwa Lenox

Jumatano, 2 Aprili

Leo kiwandani tulikusanywa ukumbini kumsikiliza mwalimu wa maisha. Ndivyo alivyojitambulisha: si wa hesabu, si wa jiografia, wa maisha. Alivaa suti ya samawati na viatu visivyo na soksi, akamgawia kila mmoja wetu daftari lenye tarehe. Akasema tuandike hadi mwisho wa Juni, hata kama siku haina kitu, na ukurasa wa kwanza tujieleze kana kwamba tumekutana na nafsi zetu kwa mara ya kwanza.

Haya. Naitwa Jael Vihenda, nina miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Vihiga, karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro, Changamwe. Naishi Mtopanga, nyumba ya chini kwa Bi Mwanarehema, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mume wangu Phineas ni dereva wa malori ya masafa marefu. Huwa nyumbani siku nne kwa mwezi, na tatu kati ya hizo huzilala. Mtoto wetu ni mmoja, Lenox, yuko chuoni Eldoret.

Kisha mwalimu akauliza: wiki iliyopita ulifanya mambo gani matatu ambayo hakuna aliyekuomba uyafanye? Khatibu wa mizani, aliyeketi kando yangu, aliandika papo hapo: nililala, nililala tena, nilikunywa dafu. Mimi nilikaa dakika kumi kalamu ikiwa hewani. Nilifikiria Jumatatu hadi Jumapili na kila nilipogusa palikuwa na mtu aliyeniomba. Mwishowe nikaandika "nilipiga chafya", nikaikunja karatasi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya kwanza. Nguo za jirani yangu Njeri nimezianua mimi, alipiga simu kuniomba.

Jumamosi, 5 Aprili

Lazima nieleze habari ya viti. Kikundi chetu cha akina mama hapa mtaani kina viti mia moja vya plastiki, mahema mawili na sufuria tatu ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Tunavikodisha kwa harusi na matanga. Mwenyekiti ni Njeri, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki na sauti ya kuuzia. Mimi ni katibu. Vyombo vyote vimo katika chumba cha Lenox, na ufunguo ninao mimi. Mtu akifiwa alfajiri, anaanza kunililia mimi kabla ya jamaa zake.

Leo saa moja asubuhi wamekuja watu wa Mjambere kuchukua viti arobaini, saa nne wakarudi kuchukua kumi zaidi, saa kumi na moja jioni wakavirudisha vyote, kimoja kikiwa na miguu mitatu. Katikati ya hayo Lenox akapiga simu. Nikamuuliza atafika lini kwa likizo.

"Nitakaa huku kwa mjomba, mama."

"Kwa nini? Huku ni kwenu."

"Mama, mara ya mwisho nililala sebuleni wiki tatu. Kitandani mwangu kuna hema."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilicheka. Baada ya kukata simu nilienda kufungua kile chumba. Kitanda sikukiona.

Jumatatu, 7 Aprili

Nikivuka daraja la Nyali asubuhi niliitazama bahari. Miaka kumi na tisa naivuka mara mbili kwa siku, na maji yake hayajawahi kunipita kifundo cha mguu. Nikajikuta nikisema kwa sauti, "Nataka kujua kuogelea." Abiria wa mbele aligeuka. Hakuna aliyeniomba.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepanda juu kumlipa Bi Mwanarehema pesa ya maji. Bi Mwanarehema ana miaka sitini na mmoja, amezaliwa Kibokoni, familia yao ni ya Mvita tangu enzi, na hufundisha watoto Kurani barazani. Nilipiga shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana hali mpaka tukamaliza watu wote wa nyumba mbili. Kisha nikamwambia lile la kuogelea, upesi upesi, nikiwa nimeinuka tayari kwenda ili anicheke nikiwa ngazini.

Hakucheka. Alitazama mlango, akaufunga.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini?"

"Sijui kuogelea, Mama Lenox. Ndugu zangu wanaume walitupwa majini wakiwa wadogo, wakajua. Mimi niliambiwa nikae na viatu vyao. Miaka hamsini watu wote wanidhani ni samaki kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa. Usimwambie mtu."

Ana mpwa wake, Ummulkheir, mwalimu wa michezo shuleni Utange, anayeogelea akiwa amejistiri vizuri, kichwa hadi miguu. Jumamosi saa moja asubuhi tunakwenda ufuo wa umma.

Jumamosi, 12 Aprili

Ummulkheir ni msichana mwembamba mwenye filimbi. Nimevaa dera la zamani juu ya suruali ya Phineas ya mazoezi. Bi Mwanarehema amevaa vazi jeusi la kuogelea alilonunua kwa siri tangu mwaka juzi, bado lina karatasi ya bei.

Somo la kwanza lilikuwa kuingiza uso majini na kupuliza. Tulisimama maji yakiwa kiunoni, wanawake wawili wazima, tukipuliza mapovu. Dera langu lilijaa hewa likainuka kama puto na Ummulkheir akalazimika kulikalia.

Nilipoinua uso, Bi Mwanarehema alikuwa bado chini. Tulimsubiri. Alitoka, akafuta macho yake, akasema kwa heshima zote, "Chumvi nyingi."

Jumapili, 13 Aprili

Sikio la kushoto limeziba. Mahubiri nimeyasikia nusu, na nusu hiyo ilikuwa nzuri.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimegundua jambo. Nilikuwa naanika nguo, fundi wa paa akapiga hodi kwa Bi Mwanarehema. Akamwambia paa linahitaji kazi kubwa, aje lini? Bi Mwanarehema akatabasamu, akasema, "Wiki ijayo, inshallah." Fundi akaaga, akaondoka bila kinyongo. Wiki mbili zilizopita walizungumza vivyo hivyo, na hakuna paa lililoguswa.

Nimekaa Pwani miaka kumi na tisa nikifikiri neno hilo ni ndiyo. Kumbe ni hapana iliyopakwa asali. Mimi kusema hapana siwezi, ulimi hukauka. Lakini hili naliweza.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimelitumia mara tatu. Mama wa kwaya aliyetaka nimshonee kola kumi na mbili: inshallah. Jirani aliyetaka nimlindie kuku akienda Voi: inshallah. Meneja alipiga simu kuuliza kama nitaingia Jumatatu ya Pasaka: inshallah. Wote walifurahi. Nimejihisi kama mtu aliyepewa funguo za gereza.

Jumamosi, 19 Aprili

Somo la pili. Kuelea kwa mgongo. Ummulkheir ananishika chini ya shingo, nami nazama kuanzia miguu kama lori lililokwama.

"Mwalimu, huyu mbona yuwazama?" Bi Mwanarehema akauliza. Yeye alikuwa anaelea kidogo, kidole kimoja cha mguu kikiwa chini kwa siri.

"Hajaachia shingo, shangazi."

"Mama Lenox, kitwa chako kizito kwa kuwa wakibeba na viti vya watu. Kiache."

Nikasema nitajaribu. Niliporudi nyumbani, jirani wa kuku alikuwa amesafiri. Kuku tisa walikuwa mlangoni kwangu, kwa kuwa, alivyosema kwenye ujumbe, nilikubali.

Jumatatu, 21 Aprili

Meneja amepiga simu saa mbili kuuliza niko wapi. Sielewi. Labda watu wa bara hawajui maana ya neno.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua tangu usiku. Barabara ya Mtopanga imekuwa mto, hatukwenda. Ningeweza kuogelea hapo mlangoni. Kuku wako jikoni.

Jumapili, 4 Mei

Phineas yuko nyumbani. Amekula, ameoga, na kabla hajalala nilimweleza.

"Unajifunza kuogelea?"

"Ndiyo."

"Baharini?"

"Ndiyo."

"Unataka kwenda wapi?"

"Siendi popote, Phineas. Ni kuogelea tu."

"Sawa," akasema, akalala. Baada ya saa nzima alizinduka akauliza, "Hiyo suruali yangu ya mazoezi ndiyo imejaa mchanga?"

Jumamosi, 10 Mei

Nimeelea. Hesabu tano. Ummulkheir alipiga filimbi kwa furaha nikashtuka nikanywa maji. Lakini kwa hizo hesabu tano masikio yalikuwa chini ya maji na sikusikia mtu yeyote akiniita. Upepo wa kusi umeanza, mwani umejaa ufuoni hadi magotini, tulirudi na majani kwenye nywele. Bi Mwanarehema sasa ameondoa kile kidole.

Jumatano, 14 Mei

Njeri amekuja jioni akiwa amejaa habari. Binti yake Janice anaposwa. Wakwe wanatoka Nyeri, watu ishirini na wawili, wanafika Jumamosi hii saa nne. Alitarajia mwisho wa mwezi lakini wao wameiwahisha.

"Utanifungulia saa moja asubuhi, Jael? Nataka viti thelathini, hema moja na sufuria zote."

Jumamosi saa moja. Somo langu. Ningeweza kumwambia: Njeri, siwezi, ila chukua ufunguo leo. Maneno hayo yalinifika kooni kabisa. Nikamtazama usoni, ana furaha, amesuka nywele upya.

"Inshallah," nikasema, polepole, kwa sauti ile ile ya Bi Mwanarehema, ili aelewe.

Akanikumbatia.

Ijumaa, 16 Mei

Nina wasiwasi kidogo. Lakini mwenyekiti wa kikundi hawezi kukosa mahali pa kupata viti.

Jumamosi, 17 Mei

Ninaandika saa tisa alasiri, nikiwa nimekaa kwenye mojawapo ya viti hivyo.

Tulitoka na Bi Mwanarehema saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Phineas alikuwa amerudi usiku kutoka Malaba, alikuwa amelala kama gogo. Ufunguo wa chumba cha Lenox sikutaka kuuacha mkobani, ufuoni pana wezi, nikaubana ndani ya dera kwa pini. Simu niliizima nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikampa mama anayeuza viazi vya karai aniwekee.

Somo lilikuwa zuri. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo na wimbi moja lilitubeba sote watatu likatutua mahali pengine, na hata Ummulkheir alicheka. Nilielea hesabu ishirini. Saa tatu kasoro tulitoka majini, nikajipapasa kifuani. Pini ilikuwepo, imefunguka. Ufunguo haukuwepo.

Nikawasha simu. Ilitetemeka mkononi mwangu bila kukoma. Njeri alikuwa amenipigia mara thelathini na moja.

Hatukubadilisha nguo. Tulichukua tuktuk na dereva akatandika gunia kwenye kiti kabla hatujakaa. Tulipofika Mtopanga wakwe walikuwa wameshafika, mapema, kwa kuwa watu wa Nyeri hawaaminiani na barabara. Walikuwa uani petu, mbele ya nyumba, kwa kuwa kwa Njeri hapana uwanja na ndipo alipopanga hema lisimame. Hema halikuwepo. Wazee wanane wenye makoti na kofia walikuwa wamekaa kwenye kreti za soda zilizopinduliwa. Wanawake walikuwa juu ya ndoo, juu ya tairi ya akiba ya lori la Phineas, juu ya kiroba cha mchele wao wenyewe waliouleta kama zawadi. Mzee mmoja, mkubwa wao, alikuwa amepewa kigoda cha Bi Mwanarehema cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. Alikuwa amekaa upande tu kwa tahadhari, kwa sababu ya meno ya chuma ya hicho kigoda. Na kuku tisa walikuwa wakipita katikati yao, kwa maana mwenyewe bado hajarudi kutoka Voi.

Ndipo tukaingia mimi na Bi Mwanarehema, tukichuruzika maji, mwani mabegani.

"Asalaam aleikum, karibuni, karibuni sana," Bi Mwanarehema akasema, kana kwamba amevaa hariri.

Yule mzee wa kigoda akatutazama kutoka juu hadi chini, akauliza kwa huruma ya kweli, "Poleni sana. Mafuriko yamefika wapi?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Tulikuwa tunaogelea."

Wazee wakatazamana. Nadhani mafuriko yangekubalika zaidi.

Njeri alinishika mkono akaniingiza jikoni kwangu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ufunguo."

"Uko baharini."

"Uko wapi?"

"Njeri, umeanguka. Baharini."

"Jael, nilikuambia saa moja. Nimegonga mlango wako tangu saa moja. Mume wako alifungua, akanitazama, akaniambia karibu, akarudi kulala. Ulisema utanifungulia."

"Sikusema nitakufungulia. Nilisema inshallah."

"Ndiyo. Si umesema?"

"Nilimaanisha hapana."

Njeri alinitazama kama mtu anayesoma barua ya benki. "Inshallah ni hapana? Tangu lini? Mimi ni mtu wa Nyandarua, Jael. Wewe ni mtu wa Vihiga. Tunaanzia wapi kudanganyana kwa Kiarabu?"

Bi Mwanarehema alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Nilimwona usoni kwamba amesikia.

"Nani aliyekwambia ni hapana, Mama Lenox?"

"Nilikusikia," nikasema, na nilitamani sakafu inimeze. "Yule fundi wa paa. Kila akija unamwambia inshallah, naye haji."

"Fundi yule mimi nilimwambia kweli. Nimeweka na pesa yake kando. Yeye ndiye hajarudi, na paa lanivujia kitandani." Akakunja taulo polepole. "Neno hilo ni la kumtaja Mungu. Si kawa ya kufunikia uongo. Ukiwa hutaki, sema hutaki, na Mungu umwache nje."

Tangu nimfahamu hajawahi kunisemesha hivyo. Nililia. Njeri naye, ambaye alikuwa na haki ya kulia kabla yangu, akasema, "Usianze, Jael, mimi nina watu ishirini na wawili kwenye kreti," kisha akalia yeye.

Phineas alitokea kwa kilio, amevaa kikoi, shuka begani. Aliuliza ni nani amekufa. Tulipomweleza, alikaza kikoi chake. Alikwenda kwenye lori akarudi na spana ya magurudumu yenye urefu wa mkono wake, akasimama mbele ya mlango wa Lenox, akamgeukia mwenye nyumba.

"Bi Mwanarehema, mlango ni wako."

"Vunja," akasema.

Alipiga mara tatu. Mlango ulipofunguka, hema lililokuwa limeegemezwa kwa ndani lilimwangukia, na juu ya hema vikafuata viti kama arobaini hivi. Wazee wa Nyeri waliinuka kwenye kreti zao wakaja kumfukua. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Vijana wao walishika vigingi, wazee wakatoa maelekezo kinyume na ya vijana, wanawake wakabeba viti, na katika nusu saa hema lilikuwa limesimama na kila mtu alikuwa na jasho na kitu cha kusimulia. Yule mzee alikabidhi kigoda kwa Bi Mwanarehema kwa mikono miwili, akasema kwao hawana kiti kinachouma.

Posa imekubaliwa. Janice alikuwa mzuri. Nimepika, nimeosha vyombo, na Njeri hajanisemesha tena.

Jumapili, 18 Mei

Mwili wote wauma.

Jumanne, 20 Mei

Njeri akipita haangalii upande wangu. Kuku wamekwenda kwao.

Jumamosi, 24 Mei

Hatukwenda baharini. Bi Mwanarehema alisema ana mafua. Nimeogopa kwamba si mafua.

Nikakaa na daftari la kumbukumbu za mikutano ya kikundi. Nilitaka kuandaa hoja zangu: kuonyesha jinsi walivyonitwika mizigo, mwaka kwa mwaka, pamoja na tarehe. Nilianza na ule mkutano wa kununua viti, miaka saba iliyopita. Njeri alipendekeza tukodi stoo Mjambere. Na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Jael alijitolea viwekwe kwake." Nikafungua mbele. Wajumbe walipendekeza ufunguo wa pili ukae kwa mwenyekiti. "Jael alisema hakuna haja." Mwaka uliofuata: "Mjumbe alipendekeza zamu. Jael alijitolea kuendelea."

Nilihesabu hadi kumi na nne nikaacha. Si wao walioniandika, ni mimi, na kwa mwandiko mzuri kabisa, na jina langu limepigiwa mstari.

Nimekuwa nikiwaona hawa wanawake kama watu wa kuomba. Leo ninajaribu kukumbuka lini mmoja wao aliingia kwangu nikamwacha amalize ombi lake kabla sijakubali. Njeri, zile nguo za tarehe tatu, alisema tu kwenye simu, "Jael, kwenu kumenyesha?" Ni mimi niliyekimbilia kamba. Nilipenda kuwa mwenye ufunguo. Mtu akinililia alfajiri nilikuwa naudhika, na chini ya kuudhika nilikuwa nikinenepa.

Lenox ndiye pekee ambaye hakuniomba kitu. Kwa hiyo nikachukua kitanda chake.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya kanisa nilipanda juu. Nilipiga shikamoo. Marahaba ilichelewa kidogo lakini ilikuja. Nikamwomba radhi kwa lile neno, bila kueleza wala kujitetea.

"Nishasahau," akasema Bi Mwanarehema. "Mafua nilikuwa nayo kweli. Nikisema jambo, Mama Lenox, ndilo hilo." Kisha akanipa uji wa pilipili manga na kunionyesha beseni lililokinga maji kitandani.

Nikamuuliza namba ya fundi. Nilimpigia hapo hapo nikamwambia aje kesho saa mbili au tutafute mwingine. Bi Mwanarehema alinitazama kwa mshangao. Hata mimi.

Jumatatu, 26 Mei

Fundi amekuja.

Jumamosi, 31 Mei

Mkutano wa kikundi, dukani kwa Njeri, kati ya matairi na minyororo ya pikipiki. Wanawake kumi na saba. Nilikuwa nimejifunza hotuba tangu Alhamisi. Niliposimama niliisahau yote.

"Sitaki kukaa na viti tena," nikasema. "Nataka chumba cha mwanangu. Ukatibu nitaendelea nao, kwa sababu naupenda. Jumamosi asubuhi sipo. Na ile siku ya wakwe nilimkosea Njeri, nilimjibu jibu la uoga. Basi."

Nikakaa. Nilisubiri paa lianguke. Margret wa mboga akasema, "Sawa." Mwingine akauliza kama bado ile stoo ya Mjambere inapatikana. Njeri akasema alishaiulizia tangu mwaka juzi, ila alikuwa anaogopa kunivunja moyo.

"Wewe ulikuwa unaviosha hata vikiwa safi," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha katika wiki mbili. "Tulidhani ndiyo furaha yako. Tulikuwa tunakuachia."

Jambo la miaka saba lilimalizika kwa dakika tisa. Dakika zilizobaki tulijadili kile kiti cha miguu mitatu.

Jumatano, 4 Juni

Viti vimeondoka. Mkokoteni umefanya safari nne. Chumba kina mwangwi. Kitandani nimekuta chandarua, raketi iliyokatika nyuzi na soksi moja ya Lenox ya kidato cha pili. Nimempigia.

"Mwanangu, kitanda kipo."

"Hema je?"

"Limehama."

"Mama, umeumwa?"

Ijumaa, 13 Juni

Leo nilijaribu jambo ambalo sijawahi kulifanya. Lenox anafika kesho kwa basi la asubuhi na mimi sitaki kukosa somo. Nikamwendea Njeri nikamwomba anipokelee mtoto, ampe chai. Kuomba kumbe ni kugumu kuliko kukataa. Nilizunguka duka mara mbili, nikanunua balbu ya pikipiki ambayo sina haja nayo, ndipo nikasema.

Njeri alifikiri. "Kesho asubuhi nasukwa. Hapana."

Hivyo tu. Aliendelea kupanga plagi zake, hakunichukia wala sikumchukia. Nilitoka pale nikicheka peke yangu barabarani. Phineas yuko Naivasha. Nimemwambia Lenox ufunguo wa nyumba atauchukua kwa Margret wa mboga, ambaye alikubali, na chai atajipikia, ana miaka ishirini na mmoja.

Jumamosi, 14 Juni

Kijana amefika, amejipikia, amelala kitandani mwake miguu ikining'inia nje. Amerefuka. Nimesimama mlangoni kumtazama, mlango ambao bado una tundu la spana.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua imekata, anga limefutwa. Ummulkheir alisema leo naogelea peke yangu: kutoka kwake hadi kwa Bi Mwanarehema, mikupuo minane ya mikono, yeye atasimama kama nguzo. Nikaingiza uso, nikaanza. Nilihesabu minane nikainua mkono kumshika Bi Mwanarehema, nikagusa maji. Nikaendelea. Kumi na mbili, bado. Nikasema moyoni huenda ninaenda kombo. Kwenye ishirini na moja nilimshika bega kwa nguvu zote nikakohoa.

"Ulikuwa unarudi nyuma," nikamwambia.

"Nilikuwa narudi nyuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekuja?"

Nilitaka kukasirika. Nikageuka kutazama nilikotoka. Ummulkheir alikuwa mdogo kule, akipiga filimbi isiyosikika. Kisha Bi Mwanarehema akalala chali juu ya maji mbele yangu, mikono wazi, macho amefumba, ameelea kama jani, mtu wa Mombasa kweli kweli.

Baadaye tulikaa mchangani na sahani za viazi vya karai, ukwaju ukitiririka hadi viwikoni. Mwanamke nisiyemjua, mwenye watoto wawili wanaoruka kuelekea majini, alikuja moja kwa moja kwangu. Ufuo mzima umejaa watu, na akaja kwangu.

"Dada, samahani. Unaweza kunishikia mkoba niingie majini na watoto kidogo?"

Nilijitazama ndani kabla ya kujibu. Palikuwa shwari.

"Naweza, mpaka viazi viishe," nikasema. "Vimebaki vinne."

Aliitazama sahani yangu, akaona ni haki, akashukuru, akakimbia nyuma ya wanawe.

Nilipomaliza cha tatu, mtoto mdogo ndiyo kwanza alikuwa amekubali kulowesha magoti, na mama yake alikuwa anacheka. Bi Mwanarehema aliutazama mkoba, akanitazama mimi, kisha akahamisha viazi vyake viwili, kimoja baada ya kingine, akaviweka kwenye sahani yangu.